Mawe Meupe ya Mokeira

Nilikuwa nimeshatoka mlangoni, viatu mkononi, nikiwahi basi la Kericho. Mke wangu Mokeira alikuwa jikoni, amenipa mgongo.

Mwezi uliotangulia alizoa majani ya migomba yaliyolowa na kulainika kuzunguka nyumba, akamwaga mahali pake vipande vya mawe meupe kutoka machimbo ya Tabaka. Nilidhani ni urembo tu.

Nikakanyaga. Yakalia kwaru kwaru, na moja likanichoma katikati ya unyayo.

“Baba watoto,” akaita bila kugeuka, akicheka, “majani yalificha nyayo zako mara tatu ulipotoroka! Vaa viatu usiumie, halafu uje unywe chai.”

Nilisimama kwa mguu mmoja. Kicheko kikanitoka, nikarudi ndani.

Nilikaa nyumbani miaka tisa. Mokeira akafungua duka Nyamira, watoto wote wanne wakasoma. Mwaka 1976 niliondoka tena kwenda Kericho, mchana, nikiwa nimewaaga wote.