Aliyefuta Kompaila

Simu ya kwanza ililia kabla hajaweka mkoba chini.

"Mama Moduli, mmenifanyia nini?" Aliyepiga alikuwa mtaalamu wa mito, mmoja wa watafiti wa kituo. "Hesabu yangu ya mafuriko imekatika. Siku kumi na tisa, dada. Kumi na tisa!"

Mama Moduli alifungua orodha ya moduli, yaani programu ambazo watafiti huzipakia kabla ya kuanza hesabu zao. Kompaila ya zamani, ile programu inayogeuza maandishi ya watafiti kuwa amri ambazo mashine inazielewa, haikuwepo. Maktaba zake nane, vifurushi vya programu inavyovitegemea, nazo hazikuwepo. Alishuka chini ya orodha, akapanda juu, akashuka tena. Patupu.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa amezipanga moduli hizo kwenye kompyuta mia mbili zinazofanya kazi kama moja. Alijua nani anatumia toleo gani, na nani atapiga kelele likiguswa. Ndiyo maana watafiti walimbatiza Mama Moduli.

Akatazama kumbukumbu za mfumo. Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi: imefutwa. Akaunti iliyofuta ilikuwa yake mwenyewe.

Jana saa nne alikuwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi, hawezi hata kumeza mate.

Mtu mmoja tu aliijua nywila yake. Pacha.

Undugu wao haukuwa wa damu. Waliajiriwa siku moja, wakapewa meza moja na kiti kimoja kizima walichokikalia kwa zamu, na tangu hapo kila mmoja akamwita mwenzake Pacha. Watoto wa Mama Moduli walimwita Pacha mjomba. Mama yake alipolazwa mwezi mzima, alimpa Pacha nywila ili kazi isilale, naye akafanya kazi ya watu wawili bila kunung'unika. Mama Moduli hakuibadilisha nywila hiyo tena. Ya nini?

Sasa aliona ya nini. Mkuu wa kitengo alikuwa anastaafu, na majina mawili tu yalikuwa mezani kwa mkurugenzi. Pacha alishathibitishwa kazini zamani. Yeye bado alikuwa akisaini mkataba mpya kila mwaka, na cheo kile ndicho kingemtoa kwenye wasiwasi huo.

Adhuhuri Pacha alikuja mezani kwake, macho mekundu kwa kutazama skrini.

"Pacha, kuna kitu nimekuwekea kwenye folda yetu. Kisome kabla hujaongea na mtu."

"Kwa nini nisiongee na mtu?"

"Kisome tu. Halafu sote tunyamaze."

Mama Moduli aligeukia skrini yake. Alisubiri mpaka mlango ukafungwa. Kwa hiyo ndivyo ilivyo: amharibie jina, kisha aje kumwomba anyamaze. Folda hiyo hakuigusa.

Alhamisi alimwandikia mkurugenzi barua. Aliyasema yote, ya nywila, ya saa, ya cheo. Neno "makusudi" aliliandika mara mbili. Alipomaliza alilia kidogo, akanawa uso, akaituma.

Ijumaa waliitwa wote wawili. Mkurugenzi aliisoma barua kwa sauti, polepole, kama anayesoma hukumu. Alipofika kwenye "makusudi", Pacha aligeuka. Alimtazama yule mwenzake wa miaka kumi na moja, akamtazama tena. Mama Moduli hakuyakwepa macho yake. Aone, alijiambia. Aone alichokifanya.

"Ni wewe uliyefuta?" mkurugenzi aliuliza.

"Andika ni mimi."

"Na ulikusudia?"

Pacha aliitazama barua.

"Nakuuliza, una la kujitetea?"

"Sina, mkuu."

Kabla ya saa nane alikuwa amerudisha kitambulisho na funguo. Akipita na kiboksi chake cha vitu, alisimama mlangoni kwa Mama Moduli.

"Wasalimie watoto," alisema.

Mama Moduli aliendelea kutazama skrini mpaka nyayo zake zikapotea kwenye korido.

Kuijenga upya ile kompaila kulimchukua siku tisa, peke yake. Mtaalamu wa mito alianza hesabu yake upya, akamletea kadi ya shukrani. Cheo alikipata, na ajira ya kudumu pia. Watu walimpongeza. Lakini kila asubuhi alijikuta akimimina vikombe viwili vya chai, na kile cha pili alikimwaga kwenye sinki kwa hasira.

"Mama, mbona mjomba haji siku hizi?" binti yake aliuliza Jumapili moja.

"Mjomba ametugeuka, mwanangu. Usimtaje tena humu ndani."

Wiki ya sita, akiwa mkuu wa kitengo, zamu ilifika ya kuifunga akaunti ya Pacha na kusafisha folda waliyoitumia pamoja. Alifuta faili moja baada ya jingine. La mwisho lilikuwa na jina lake yeye mwenyewe, na lilikuwa halijawahi kufunguliwa. Alitaka kulifuta hivyo hivyo. Halafu akataka kujua alikuwa ameombwa msamaha wa namna gani.

"Pacha, nimempata mhalifu, na ni wewe! Ile amri ya kusafisha diski uliyoiweka mwezi wa tatu ijiendeshe yenyewe, ifute kila moduli isiyofunguliwa kwa miezi sita, jana ilifika kwenye kompaila. Yule wa mito huifikia kwa njia ya mkato, bila kupitia orodha ya moduli, kwa hiyo ilionekana haijaguswa. Nimeitoa amri na nimeondoa alama zake. Wewe ni wa mkataba, watakufukuza. Mimi watanipa onyo tu, kwa hiyo nitasema nilikosea nikiwa ndani ya akaunti yako. Chai ya mwezi mzima ni juu yako."

Faili lilikuwa limeandikwa Jumatano, saa tano na nusu asubuhi.