Nani Aliwafungia Hii?

"Nani aliwafungia hii?"

Radi aliuliza hivyo kabla hata hajaweka begi chini. Ndilo swali lake la kwanza kila anakoitwa, iwe ni kompyuta ya ofisini au bomba la jikoni kwa shemeji yake, na jibu halijawahi kumpendeza. Jina la Radi alijipa mwenyewe alipokuwa chuoni, kwa sababu hakuna mwingine aliyefikiria kumpa, na siku hizi limedariziwa kwenye mfuko wa shati lake.

Mkurugenzi wa kiwanda cha maboksi alimwonyesha mzee aliyesimama kando ya mashine ya kukata, mikono nyuma, koti la kazi limefungwa vifungo mpaka shingoni. "Fundi wetu. Yuko hapa mwaka wa ishirini na sita."

"Karibu tena, mwanangu," Mzee alisema.

Tena! Radi hakukumbuka kukanyaga jengo hili maishani mwake. Alimtupia mkurugenzi jicho la kumwonea huruma: huyu ndiye mnayemtegemea?

Mama mkurugenzi alieleza kwa kifupi. Kompyuta ile kuukuu, isiyo na kipanya wala picha, maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi, ndiyo inayoiamuru mashine ya kukata. Huletewa michoro kwa waya wa mtandao kutoka ghorofa ya juu. Siku ya Jumanne karani mpya alichapa karatasi moja kwenye printa, mtandao ukafa papo hapo. Siku tatu sasa mashine imelala.

"Nataka kujua uzembe ni wa nani," alisema. "Mzee anastaafu baada ya miezi minne. Kama kosa ni lake, ataondoka leo, na barua ya kufukuzwa badala ya ile ya shukrani. Yeye anadai kadi ya mtandao iliyomo ndani ya kompyuta hakuifunga yeye, ila makaratasi ya miaka hiyo yote yalipotea tulipohamia jengo hili."

Radi alicheka. "Bosi, mimi sijaona fundi anayekubali kwamba kaharibu yeye. Siku zote ni mwingine."

Alifungua kifuniko cha kompyuta. Kando ya kadi ya mtandao kulikuwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne. Alikichomoa kwa ncha za vidole, kama mtu anayetoa mende kwenye sukari.

"Na hii takataka?"

"Kadi ilikuwa inacheza," Mzee alisema. "Hicho niliweka mimi."

"Afadhali hilo umekiri."

Ubavuni kulibandikwa ukurasa wa daftari wenye herufi kubwa: KABLA YA KUCHAPA, CHOMOA WAYA WA MTANDAO. Radi aliusoma kwa sauti, halafu akaurudia ili mkurugenzi asikie vizuri.

"Utaalamu huo! Ingekuwa gari, mzee wetu angeandika: kabla ya kupiga breki, shuka."

"Ukifanya hivyo haikwami," Mzee alisema. "Karani hakusoma."

"Na kwa nini hukurekebisha kosa lenyewe?"

"Niliambiwa nisiguse. Sikugusa."

Radi aliguna kwa dharau, akageukia kibodi. Aligonga amri, faili la mipangilio likafunguka, naye akabonyeza moja kwa moja kitufe cha kwenda mwisho.

"Huko juu huangalii?" Mzee aliuliza. "Kuna maelezo."

"Huko juu mtu huweka porojo zake. Porojo za wajinga sisomi."

Kosa lilikuwa wazi, hata likamkera kwa wepesi wake. Programu ya kuendesha kadi ya mtandao ilikuwa imepewa namba saba, na printa nayo ilitumia hiyo hiyo saba. "Abiria wawili kiti kimoja!" alifoka. "Mmoja akikaa, mwenzake anaanguka. Hata mtoto wa chekechea asingefanya hivi. Mlimtoa wapi mtu huyu?"

Alibadilisha saba ikawa kumi, akahamisha kijiti kidogo cha kuchagulia namba kwenye kadi, akaiwasha kompyuta upya. Mistari ikapanda kiooni, mchoro ukashuka kutoka juu, na kisu cha mashine kikaanza kukata. Mzee alitabasamu waziwazi. Radi alidhani ni aibu iliyokosa pa kujificha.

"Bosi, taarifa yako naiandika sasa hivi."

"Andika kwa wino," Mzee alimshauri. "Ya penseli hufutika."

Radi aliandika kwa wino, akisoma kila neno huku analiandika: "Aliyefunga kadi hii hana ujuzi wala aibu. Asiruhusiwe kugusa hata swichi ya taa katika kiwanda hiki." Akatia sahihi, akapiga mstari chini yake.

Mkurugenzi aliipokea, akamtazama Mzee, akashusha pumzi. Miaka ishirini na sita si mchezo. "Basi, Mzee wangu..."

"Mama, maneno matupu hayatoshi," Mzee alisema. "Akuchapie na faili lenyewe. Lote, kuanzia juu."

"Hapo ndipo umeongea la maana leo," Radi alisema, akatoa amri.

Printa ilipiga kelele, karatasi ikaanza kutoka, na safari hii mtandao haukutikisika. Radi alikunja mikono kifuani, akaendelea kumweleza mkurugenzi habari za wazee wanaong'ang'ania kazi wasizoziweza. Mkurugenzi alikata karatasi, akavaa miwani. Alisoma mstari wa kwanza kimya, akainua macho mpaka kwenye mfuko wa shati la mgeni wake, kisha akausoma tena kwa sauti.

"'Kadi imefungwa na Radi, mwanafunzi wa mazoezi. Fundi wa hapa asiguse humu ndani, hajui kitu.'"