Siku ya Kufungua Bandeji

"Shemeji, acha ndoo," Mabruki alisema, ameziba mlango wa chumba. "Macho yamekuvimba. Nenda kakae na wenzako, wanaume tupo."

"Mguu huo nimeuosha miaka miwili," Tatu akajibu. "Wewe ulikuwa wapi? Kidonda kilipokuwa kinanuka ulitusalimia kupitia dirisha."

Mabruki hakubanduka mlangoni. "Na hiyo jeli yako imesaidia nini? Umemtia kaka yangu mbolea kama tumbaku."

Hata Nurdini mwenyewe, mumewe Tatu, alicheka siku daktari alipowaeleza kwamba jeli ile huziamsha chembe za mwili ziote nyama mpya. Lakini kidonda chake cha sukari kilikuwa kimezigomea dawa nyingine zote, na habari ya kukatwa mguu hakutaka kuisikia. "Nitaondoka na miguu yangu yote miwili," alisema.

Jeli ilitaka baridi, na nyumbani hapakuwa na friji. Kila asubuhi Tatu aliifuata Ipuli kwa dada yake, akarudi nayo nyumbani Ng'ambo ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Taratibu kidonda kikapungua, kutoka upana wa kisahani hadi kitufe cha shati. Jumatatu nesi alikifunga, akakataza kifunguliwe kabla ya Ijumaa.

"Leo Ijumaa," Tatu alisema. "Nakifungua mimi."

Mzee Adinani, jirani yao, alikuwa ndani akikunja mikono ya kanzu yake. "Mpishe, Mabruki," alisema. "Hakuna mwenye haki kuliko yeye."

Tatu akampita shemeji yake na ndoo yake mkononi. Akapiga magoti, akailowesha bandeji kwa maji ya uvuguvugu. Siku zote hapo ndipo Nurdini alipoanza: "Polepole, mchinja kuku!" Leo hakusema kitu, wala hakukunja uso. Tatu akaendelea polepole vilevile, tabaka baada ya tabaka, mpaka shashi ya mwisho ikatoka.

Ilikuwa kavu. Ngozi mpya, nyembamba, ilikuwa imefunika kisigino chote.

Akapitisha kidole juu yake.

"Kimefunga, baba Hafsa," alimwambia. "Tazama, kimefunga."

Mzee Adinani akamsogezea kafuri. Nyuma yao, Mabruki akawa anaikunjua sanda, huku analia.