Mahojiano ya Marehemu Mzee Mwishehe

Saa nne asubuhi mikeka ilikuwa imeshatandikwa nje ya nyumba ya Fakihi, Temeke. Sufuria la pilau lipo jikoni, wazee wanaulizana maiti italetwa saa ngapi. Fakihi kajifungia chumbani, jasho linamtiririka. Marehemu alikuwa hajawahi kuzaliwa.

Alimbuni mwenyewe, mwaka uliopita. Fakihi alipiga gitaa la umeme, akachanganya roki na ngoma za Kizaramo. Vijana waliona ni mambo ya kizee, wazee wakaona ni uhuni. Basi, kwa kuwa siku hizo kila mtu aliruhusiwa kuanzisha gazeti lake, akaanzisha la kusikiliza: kanda yenye habari, vichekesho na mahojiano, aliyoirekodi sebuleni. Akaiita Sikio. Vinyozi na wenye magenge wakaipenda.

Toleo la nne, mgeni wa mahojiano hakutokea. Fakihi akaikwaruza sauti, akajihoji mwenyewe: huku mtangazaji, huku Mzee Mwishehe, aliyeanza kupiga roki kabla ya Wazungu.

"Nani alikuvutia kwenye muziki, mzee?"

"Mbuzi wa shangazi yangu. Alikuwa na kikohozi kizuri mno."

"Na gitaa?"

"Nilijifunzia kwenye chandarua. Nikakitoboa chote, nikaugua malaria, ndipo nikatunga."

Watu walicheka, kisha wakaamini. Fakihi akaweka nyimbo zake kwenye kanda na kusema ni za mzee. Zilezile alizozomewa nazo sasa zikapigwa kwenye harusi mpaka Mbagala. Lakini akipanda jukwaani mwenyewe, wanamfokea: "Braza, acha kumwiga mzee!"

Hata mkewe, Mwamvita, aliyekuwa akimbonyezea redio kaseti wakati wa kurekodi, alikuwa upande wa mzee.

"Baba Mauwa, yule ana maneno kukushinda."

"Mama Mauwa, yule ni mie!"

"Sasa mbona ukiwa wewe hunogi?"

Toleo la kumi na moja, Fakihi akamuua. Presha. Akatangaza msiba kwa sauti ya majonzi na kutaja anwani yake kwa wanaotaka kutuma rambirambi. Hakudhani watu watazileta kwa miguu.

Ikabidi atoke nje, awaambie mzee kazikwa jana, kwao Kisarawe. Wanawake wakaangua kilio. Kinyozi Khalfani akaapa kwamba marehemu alimbeba mgongoni utotoni. Pilau likaliwa, dua ikasomwa, watu wakatawanyika.

Mwamvita alimtazama mumewe kama anavyotazamwa muuaji.

"Umemkatisha, angali na mengi ya kusema."

"Kafa. Yameisha hayo."

Toleo la kumi na mbili alilijaza Fakihi peke yake. Karibu kanda zote zilirudi bila kuuzwa.

Mwezi ukapita. Asubuhi moja alikuwa akipita mbele ya kibanda cha Khalfani akasikia sauti ya kukwaruza. Akachungulia ndani.

"Nani huyo?"

"Mzee Mwishehe, nani mwingine?" Khalfani aliongeza sauti. "Hakufa bwana. Alijificha, kuna watu wanamwonea wivu. Kanda mpya hiyo, mji mzima unayo."

Fakihi akakaa kwenye benchi. Safari hii hakukuwa na mtangazaji. Mzee alijiuliza na kujijibu. Na alikuwa amenoga kuliko siku zote. Alieleza alivyotia saini mkataba na kampuni ya Ulaya kwa kidole gumba cha mguu, kwa kuwa mikono ilikuwa na gitaa. Mteja aliyenyolewa nusu alicheka mpaka akaanguka kitini. Fakihi naye kikamtoka kicheko bila kutaka, na hilo ndilo lililomwuma zaidi.

"Na huyu Fakihi?" mzee akajiuliza. "Kijana mzuri. Tatizo lake, nyumbani kwake anayeongea ni yeye tu."

Fakihi akainuka, ngumi kaikunja. Mwizi huyu lazima apatikane leo hii, amburuze mpaka kituoni.

Mara ndani ya kanda, kwa mbali, ikasikika sauti ya mwanamume anayeoga: "Mama Mauwa! Taulo langu liko wapi?"

Mzee Mwishehe akasita, akakohoa.

"Liko kambani, Baba Mauwa," akaitikia kwa sauti nyororo, kisha akaikwaruza upya na kuendelea kusimulia.