Ubuyu Mwekundu

Makame hakutulia: akikaa anainuka, akiinuka anakaa. Jana daktari alimweleza kwamba ini lake limekuwa gumu, damu inakosa pa kupita, basi imejazana kwenye mishipa ya umio, njia ya chakula, mpaka mishipa imevimba. Ilibidi aingizwe mpira mdomoni, mishipa hiyo ifungwe kabla haijapasuka. Mpira! Yeye kidonge cha panado tu hukimeza kwa ndoo nzima ya maji. Akaitikia, akatoroka.

Mkewe, Patima, hakuambiwa kitu. "Mbona leo kama kuku anayetaka kutaga?" akamtania.

"Natafuta pa kutagia," Makame akajibu, na papo hapo kichefuchefu kikampanda. Akaliinamia beseni la uani, akatapika. Matapishi yalikuwa mekundu kabisa. "Usishtuke, mama Rehani. Ubuyu tu huo."

Patima hakucheka. Akafungua fundo la kanga, akatoa pakiti ya ubuyu ambayo haijachanwa hata pembe.

"Upi? Huu nilikufichia tangu jana, uliporudi kimya."

Akavaa kandambili, akamnyooshea mkono. "Twende. Utanieleza njiani."

Makame aling'ang'ania ukingo wa beseni, vidole vyekundu kama vya mtoto aliyemaliza ubuyu.