Makala ya Sabuni

Mhadhiri aliisoma sentensi ya kwanza, akairudia, kisha akaanza kucheka peke yake mbele ya kompyuta.

"Kuna nini?" mkewe aliuliza kutoka upande wa pili wa meza, alikokuwa akikunja nguo.

"Jarida limenitumia makala niipitie, niseme kama inafaa kuchapishwa."

"Kwani leo ndiyo mara ya kwanza?"

"Makala yenyewe ni yangu, mama watoto."

Ilikuwa yake kweli, tangu kichwa hadi nukta ya mwisho: jinsi wingi wa vikao unavyochelewesha maamuzi katika viwanda vya sabuni. Aliituma mwenyewe kwenye jarida la menejimenti. Jarida, kwa kufuata utaratibu wake wa haki, likafuta jina la mwandishi ili wapitiaji wawili waihukumu bila kujua ni ya nani. Kisha msaidizi wa mhariri, naye hajui ni ya nani, akatafuta bingwa wa vikao vya viwanda vya sabuni. Bingwa huyo duniani alikuwa mmoja tu. Ndivyo tulivyo sisi watu wa vitabu: kila mtu huchimba kishimo chake, akajitawaza mfalme humo humo.

"Basi mwambie mhariri kuwa wamekosea," mkewe alisema.

"Nikimwambia, ataipeleka kwa Kwanini."

Kwanini alikuwa mhadhiri mwenzake, ofisi zao zikitazamana. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana haikuwahi kutolewa mada pale chuoni bila yeye kunyoosha mkono na kuuliza, "Kwa nini?" Mhadhiri aliamini kabisa kwamba bwana huyo aliletwa duniani kuja kumkwamisha yeye. Juzi tu alimsimamisha kwenye korido: "Ndugu yangu, ile kazi yako ya sabuni imefikia wapi?" Halafu akatabasamu. Tabasamu lile lilimkosesha mhadhiri hamu ya chakula.

Na jambo lenyewe halikuwa la mzaha. Kamati ya kupandisha vyeo ilikuwa karibu kukaa, na bila makala hii uprofesa ungempita tena, kama ulivyozoea kumpita. Mama mkwe alishaanza kumwita Profesa mbele za watu. Badala ya kumsahihisha, yeye alikuwa akiitika.

"Lakini si vizuri," mkewe alisema.

"Si vizuri hata kidogo," mhadhiri alikubali, akavuta kiti karibu na meza.

"Haya. Mwamba ngoma huvutia kwake," mkewe alijibu.

Alianza na sifa. "Kazi hii ni ya kipekee," aliandika. "Ni wazi kwamba mwandishi wake ni mtu mwenye akili pevu." Akaisoma, akaona ni kweli tupu. Ila hapo hapo akasita. Tangu aanze kupitia makala za wenzake hakuwahi kumsifu mtu. Alikuwa mchinjaji, na mwenyewe alijivunia kisu chake. Leo ghafla amwage asali? Mhariri angenusa tu. Ilibidi iwepo kasoro moja, ndogo, ya kumtoa mhariri wasiwasi.

Nyani haoni kundule, kwa hiyo aliitafuta kasoro hiyo kwa taabu kweli kweli. Mwishowe mkono ukakumbuka mazoea yake. "Mwandishi anadai vikao vingi ndivyo vilivyochelewesha maamuzi," aliandika. "Je, hajafikiria kwamba huenda ni kinyume chake? Kwamba viwanda vilivyoshindwa kuamua ndivyo vilivyolazimika kuitisha vikao vingi?"

Ikampendeza. Akaongeza aya nyingine, na nyingine tena, ambamo alimshauri mwandishi ajifunze kutofautisha ugonjwa na dawa kabla hajawapotezea watu muda. Wala hakuona hatari yoyote. Mwandishi angeombwa kuijibu hoja hiyo, naye angeijibu kwa sentensi mbili. Si ni mtu mwenye akili pevu? Chini kabisa akapendekeza ichapishwe baada ya marekebisho madogo, akatuma, akaomba chai.

"Haya, umejihukumuje?" mkewe aliuliza.

"Nimejibana kidogo. Haki lazima itendeke."

Jibu la mhariri lilimkuta chuoni, asubuhi moja baada ya kipindi. Hakusoma zaidi ya neno "tunasikitika". Alivuka korido kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana, akausukuma mlango wa ofisi ya pili bila kubisha hodi.

"Umefurahi sasa?"

Kwanini alivua miwani. "Wameikataa?" Aliinuka, akafunga mlango, akamsogezea mgeni wake kiti. "Pole, ndugu yangu. Pole sana. Sikupaswa kukuambia, lakini mimi nilikuwa mmoja wa wapitiaji. Nilijua ni yako tangu mstari wa kwanza. Vikao na sabuni, nani mwingine? Nilimwandikia mhariri aichapishe kama ilivyo, asiguse hata nukta."

Mhadhiri alikaa. Hasira zilikuwa bado zimemjaa kifuani, lakini ghafla hazikuwa na pa kwenda.

"Aliyekumaliza ni yule mpitiaji wa pili," Kwanini aliendelea, sauti imejaa huruma. "Mhariri alinitumia hoja zake, akaniuliza kama zinajibika. Nimehangaika nazo, nimezigeuza huku na huku nikutafutie jibu, sikulipata. Sawa, mtu ana haki ya kukosoa. Lakini kwa maneno yale? Hebu niambie ukweli, ndugu yangu: yule mtu ulimkosea nini?"