Nyuma ya Ukurasa wa Thelathini na Moja

"Shairi hilo si langu, mzee! Niseme kwa lugha gani?"

"Na mimi nakwambia limetoka kwenye faili lako! Au lilipanda ngazi lenyewe likaja kukaa hapa?"

Binti wa kuchapa akaacha kuchapa. Mhariri, mzee wa miwani iliyoungwa kwa selotepu, alikuwa amesimama. Mshairi naye amesimama. Katikati yao meza, chai imepoa, na mkataba haujasainiwa.

Mshairi alikuwa na miaka ishirini na tatu na mashairi arobaini. Amehangaika nayo tangu amalize shule. Kayasoma kwenye kumbi za bure, kayarusha kwenye simu, watu wanaweka dole gumba wanapita zao. Leo ndiyo kaitwa, kitabu kinatoka. Anafika, anakuta wamelipenda moja tu, na hilo moja wala halijui.

"Hebu lisome tena," akasema.

Mhariri akashusha sauti, akasoma kama anasali:

"Usiwaambie wengine.
Sitaki macho mengi.
Njoo peke yako, ukae tu.
Si lazima useme kitu.
Nikikuona mlangoni
itanitosha."

Binti wa kuchapa akajifuta jicho. "Hilo lilinishinda," akasema. "Hayo mengine arobaini niliyachapa huku natafuna karanga."

"Anayeita hapo ni nchi," mhariri akasema. "Nchi imechoka, inamwita kijana wake."

"Mimi nilijua ni mpenzi."

"Mpenzi ndiyo nchi yenyewe, binti. Wewe chapa."

"Litakuwa la Kipaza," mshairi akadakia. Kipaza ni mshairi wa mtaa wa pili, yule anayeshinda kila shindano hata akipanda jukwaani na usingizi machoni. "Na yeye alileta kazi zake hapa. Mmechanganya karatasi."

"Lilikuwa nyuma ya ukurasa wako wa thelathini na moja."

"Nyuma siandiki! Mimi ni mbele tu. Nyuma, kwetu, ni pa orodha ya dukani." Akacheka, kicheko kikakwama njiani. "Mama alikuwa hivyo. Ukiacha shairi mezani, ukirudi unakuta nyuma yake sukari, sabuni, betri za redio. Herufi kubwa, zimelala upande kama zimechoka. Siku moja nikamgombeza, nikamwambia asiguse tena faili langu. Akasema, sawa, mwanangu mshairi."

"Na kabla ya kulileta hukulipitia?"

"Nikishaandika sirudii, mzee. Shairi likisomwa mara mbili linachacha. Jumatatu ile nililibeba faili lilivyo, nikalileta."

Mhariri akakaa. Akavua miwani, akaishika kwa uangalifu isije ikaachana.

"Sikiliza, bwana mdogo. Hayo arobaini yana kelele. Kila mstari unapiga kelele, nitazameni, nitazameni. Hili halimwombi mtu chochote. Wenzangu wamekubali kuchapa kitabu kwa sababu ya hili tu. Kama ni lako, saini. Kama si lako, faili lako hilo hapo, tusalimie nyumbani."

Nyumbani. Hakukuwa na mtu wa kumsalimia nyumbani.

Mshairi akautazama mkataba. Akilini akamwona Kipaza jukwaani, watu wamesimama wanapiga makofi. Atajuaje? Mtu mwenye mashairi mengi vile atakumbuka karatasi moja?

"Ni langu," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nililisahau tu."

Akasaini. Binti wa kuchapa akatazama pembeni.

"Safi," mhariri akasema. "Sasa, ule ukurasa wa mbele. Umeandika: Kwa mama, aliyeondoka bila kuniaga. Si kali kidogo?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Kaenda hospitali kimya kimya, hakumwambia mtu. Nimeleta faili hapa Jumatatu ile, kesho yake napigiwa simu na nesi, kafia kwenye upasuaji. Na mimi ndiye mwanawe wa pekee, mzee. Nipo mtaani, nakunywa soda, nasherehekea faili." Akakisukuma kikombe cha chai. "Miezi mitatu naitazama picha yake ukutani, namuuliza: hata neno moja lilikushinda?"

Mhariri akavaa miwani tena. Akafungua faili, akachomoa karatasi, akampa.

"Karatasi yako, basi. Ila unisamehe, mstari wa mwisho niliukata mwenyewe. Ulikuwa unabomoa fumbo lote. Shairi tamu vile, halafu mtu unaleta habari za wodi!"

Mshairi akaigeuza.

Herufi kubwa, zimelala upande kama zimechoka. Na chini kabisa, mstari uliopigwa kalamu nyekundu:

"Wodi ya tisa, kesho, kabla hawajanipasua saa tatu."

"Na jalada je?" mhariri alikuwa anauliza. "Tuweke picha yako?"

Mshairi akaikunja karatasi mara mbili, akatoka, akaufunga mlango polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa.